Mistari inatoka na meno kwenye skrini: jinsi ya kujua ngazi zimezaliwa wapi

Umechora mstari wa mshazari kwenye kompyuta. Ulitaka mstari ulionyooka, umepata ngazi: vipande vifupi vya mlalo vilivyopandana, na kingo zina meno. Hapo wengi hukimbilia kulaumu kadi ya grafiki, wengine husema kioo kimechoka, na fundi asiye makini atakuuzia vyote viwili. Kabla hujatoa hela, fuatilia kwanza ngazi hizo zimezaliwa wapi. Mchoro hupita sehemu kadhaa kabla ya kufika machoni pako: programu inauchora, faili inauhifadhi, programu nyingine inaukuza au kuupunguza, kebo inaupeleka, skrini inauonyesha. Kila sehemu inaweza kuleta meno yake, na dawa ya sehemu moja haigusi nyingine.

Kwa nini kuna ngazi

Chukua daftari la hesabu lenye visanduku. Weka nukta katikati ya kisanduku kimoja, hesabu visanduku 11 kwenda kulia na 3 kwenda juu, weka nukta ya pili, kisha ziunganishe kwa rula. Sasa uchore mstari huohuo kwa kujaza visanduku tu. Kisanduku kijazwe chote au kiachwe kabisa, na katika kila safu wima uchague kile ambacho katikati yake iko karibu zaidi na mstari wa rula. Utapata visanduku 2 chini, 4 juu yake, 4 tena, na 2 vya mwisho. Hiyo ndiyo ngazi, na hakuna namna ya kujaza visanduku vizima itakayokuepusha nayo. Skrini ni gridi ya aina hiyohiyo, ila visanduku vyake ni nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli.

Njia hiyo ya kuchagua kisanduku kilicho karibu ina historia. Jack Bresenham wa IBM aliitengeneza mwaka 1962 kwa ajili ya mashine ya kuchorea ya Calcomp iliyounganishwa na kompyuta ya IBM 1401, ikachapishwa mwaka 1965. Uzuri wake ni kwamba inajumlisha, inatoa na kulinganisha namba nzima tu, hakuna kugawanya wala desimali, kwa hiyo ilikwenda haraka hata kwenye mashine dhaifu. Mpaka leo, programu ikiambiwa ichore mstari bila maelezo mengine, mara nyingi inatumia njia hiyo au ndugu yake. Skrini za aina nyingine, kama Tektronix 4010 ya mwaka 1972, zilichora kwa mwale wa elektroni uliotembea moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta, na mstari wake wa mshazari haukupandana visanduku namna hii.

Dawa yake nayo si mpya. Inaitwa kulainisha kingo. Badala ya kuuliza kisanduku kijazwe au kisijazwe, programu inauliza mstari umefunika sehemu gani ya kisanduku. Kikifunikwa robo, kinapewa robo ya rangi, na macho yetu yanaviunganisha vivuli hivyo yakaona ukingo ulionyooka. Franklin Crow aliichambua shida hii kwa kina mwaka 1977, na mwaka 1991 Xiaolin Wu akatoa njia ya haraka ya kuchora mistari iliyolainishwa. Kwa hiyo ukiona meno leo, kuna mahali ambapo ulainishaji umezimwa, umepotea njiani, au umeharibiwa baada ya kufanyika. Kazi yetu ni kupata mahali hapo.

Shika jambo moja kabla hatujaanza kupima. Mstari unaokaribia kulala ndio unaosumbua kuliko yote. Mstari wenye urefu wa pikseli 1000 unaopanda pikseli 5 tu una ngazi za pikseli 200 hivi, na jicho linaziona hata ukikaa mbali. Mstari wa nyuzi 45 una ngazi za pikseli mojamoja, zimebanana, hazionekani sana. Ukijaribu dawa kwa mstari wa nyuzi 45 unaweza kudhani umepona kumbe bado. Jaribu kwa mstari unaokaribia kulala, au unaokaribia kusimama.

Kipimo kinachotangulia vyote

Piga picha ya skrini. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na S. Kwenye Mac ni Command, Shift na 3. Ihifadhi kama PNG, kisha ifungue kwenye Paint, au kwa Mac kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP, na uikuze hadi asilimia 800. Usiitume kwa simu ukaikuze huko, kwa sababu programu nyingi za picha kwenye simu hulainisha zenyewe unapokuza, na zitakuficha ushahidi. Na usipige kioo kwa kamera ya simu: kamera ina gridi yake, ikikutana na gridi ya skrini zinatoka alama za mawimbi ambazo hazipo kwenye mchoro wako.

Ukiona rangi mbili tu ukingoni, ya mstari na ya mandharinyuma, bila kivuli chochote katikati, programu haikulainisha. Ukiona pikseli za vivuli vya kati kando ya mstari, programu imefanya kazi yake. Kama bado kioo kinakuonyesha meno, tatizo liko baada ya programu, yaani rezolusheni (idadi ya pikseli ambazo skrini imewekwa kuonyesha), kebo, runinga au projekta. Ukiona kila ngazi haipandi kwa pikseli moja bali kwa kibonge cha pikseli 2 kwa 2, 3 kwa 3, au vibonge visivyolingana, basi mchoro ulikwisha kuchorwa ukiwa mdogo na kuna kitu kimeukuza. Na ukiona mstari wa kupinda umekatika vipande vilivyonyooka vyenye pembe, huku kila kipande kikiwa laini, hiyo si ngazi kabisa. Ni ugonjwa mwingine, nao tutaufikia.

Majibu hayo manne yanatosha kukuambia usome wapi hapa chini.

Rangi mbili tu ukingoni

Anza na kitu kidogo: umeshika zana gani? Kwenye GIMP penseli na brashi zinafanana ukiziangalia haraka, lakini penseli imetengenezwa makusudi isilainishe. Zana za kuchagua eneo nazo zina tiki ya kulainisha kingo. Isipowekwa, chochote utakachojaza ndani ya eneo hilo kitatoka na meno. Angalia pia hali ya rangi ya picha. Picha iliyotoka kwenye GIF hufunguka ikiwa na orodha ya rangi isiyozidi 256, na brashi inalazimishwa kuchagua rangi iliyo karibu kwenye orodha hiyo, hata kama ilitaka kivuli cha katikati. Ibadilishe kwanza iwe RGB, hali isiyo na orodha hiyo, ndipo uchore. Mistari iliyokwisha kuharibika haitajitengeneza kwa kubadilisha hali. Inabidi ichorwe upya.

GIF ina kasoro nyingine inayowakuta watu wa nembo. Pikseli yake ama inaonekana yote ama haionekani kabisa, hakuna nusu. Nembo ya duara yenye mandharinyuma wazi ikihifadhiwa kama GIF inatoka na meno, au na ukingo mweupe ukiiweka juu ya rangi nyingine. PNG inabeba viwango 256 vya uwazi kwa kila pikseli, kwa hiyo tumia hiyo.

Kwa wanaochora ramani za majengo kwenye AutoCAD, matoleo ya kuanzia 2015 yana kigezo LINESMOOTHING. Kiandike, ukipe 1. Kama hakuna mabadiliko, andika GRAPHICSCONFIG uone kama uharakishaji wa kadi ya grafiki umewashwa. Ukikuta umezimika na haukubali kuwaka, mara nyingi chanzo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Hili hutokea sana baada ya fundi kupiga Windows upya na kuondoka bila kuweka draiva ya kadi: kompyuta inawaka, inafanya kazi, lakini inatumia draiva ya msingi ya Microsoft, na kila kinachotegemea kadi kinalala. Fungua orodha ya vifaa kwenye Windows, tazama sehemu ya kadi za skrini. Ukiona jina la Microsoft badala ya jina la kampuni iliyotengeneza kadi yako, umempata mhusika. Weka draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta.

Kwenye QGIS, programu ya ramani za kijiografia, ni rahisi zaidi. Ndani ya chaguo za programu, sehemu ya uchoraji wa ramani, kuna tiki ya kupunguza meno ya mistari kwa kupoteza kasi kidogo. Watu huiondoa wanapofungua ramani nzito za mipaka ya wilaya au barabara, kisha wanaisahau.

Kwa waandika programu, jambo la kwanza ni kujua maktaba unayotumia inalainisha au hailainishi. Kwenye Python, maktaba ya picha ya Pillow hailainishi mistari unayochora kwa ImageDraw. Njia inayofanya kazi vizuri ni kuchora picha kubwa mara 4 kila upande, ukizidisha na unene wa mstari kwa 4, kisha kuipunguza kwa kichujio cha LANCZOS. Kila pikseli ya mwisho inakuwa imetokana na pikseli 16 za mwanzo au zaidi, na vivuli vinazaliwa vyenyewe. Kwenye pygame, `draw.line` inatoa meno, `draw.aaline` inalainisha. Matplotlib, maktaba ya chati, inalainisha yenyewe, kwa hiyo ukiona meno huko nenda moja kwa moja sehemu ya ngazi kubwa kuliko pikseli.

Kwenye kurasa za wavuti hali ni kinyume. Kivinjari kinalainisha mistari ya SVG (michoro iliyoandikwa kama maumbo) na ya kanvasi (eneo la ukurasa linalochorwa kwa programu) bila kuombwa, kwa hiyo ukiona meno kuna mtu amekizuia. Tafuta `shape-rendering: crispEdges`, amri ya kuacha kulainisha, kwenye CSS, yaani maelezo ya mwonekano wa ukurasa. Karibu kila mara iliwekwa kwa nia njema: mistari ya gridi ya chati ilikuwa na ukungu, mtu akaiweka ikatulia, lakini akaiweka kwa chati nzima, na mistari ya mshazari yote ikaota meno.

Ukungu ule una sababu yake, na ukiijua hutahitaji kuzima chochote. Mstari wa unene wa pikseli 1 uliowekwa kwenye x = 10 unaanzia 9.5 na kuishia 10.5. Umekanyaga pikseli mbili, nusu huku nusu huku, kwa hiyo unatoka kijivu na mnene wa pikseli 2. Usogeze hadi 10.5, utaanzia 10 na kuishia 11, pikseli moja kamili, mweusi wa wino. Sogeza mistari ya gridi kwa nusu pikseli na uache ulainishaji uendelee kuhudumia mistari ya mshazari.

Kuna chanzo kingine kwenye kanvasi ambacho huwasumbua watu kwa siku nzima, kwa sababu msimbo wa programu unaonekana hauna kosa. Mchoro unachorwa upya kila fremu bila kufuta uliopita. Mstari hauhami, kwa hiyo mtu haoni haja ya kufuta. Lakini pikseli ya ukingoni iliyofunikwa robo ikipakwa robo ya rangi, kisha robo nyingine juu yake, na nyingine tena, inaendelea kukolea: baada ya kupakwa mara 10 imefika asilimia 94 ya rangi kamili. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kivuli chote kimekufa ndani ya sehemu ya sita ya sekunde. Dalili yake ni ya pekee: ukitazama kwa makini ukurasa unapofunguka, mstari unaanza laini kisha unaota meno na kunenepa kidogo. Weka `clearRect` mwanzoni mwa kila fremu.

Ngazi kubwa kuliko pikseli

Vibonge vikubwa maana yake mchoro ulizaliwa na pikseli chache kuliko nafasi uliyoujaza. Hapa hakuna mpangilio utakaoongeza habari ambazo hazipo.

Mfano wa kila siku ni nembo iliyotumwa kwa WhatsApp. Anayetaka bango anamtumia mchapishaji nembo kama picha, programu inaibana na kuipunguza, naye mchapishaji anaivuta. Nembo yenye upana wa pikseli 600 ikivutwa hadi bango la mita 3, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 5. Meno ya milimita 5 yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hali huwa mbaya zaidi kwenye stika za kukatwa kwa mashine. Fundi huichukua picha ileile na kuiambia programu igeuze kingo kuwa njia ya kisu, programu inafuata ngazi kwa uaminifu, na kisu kinazikata kwenye vinili. Hapo meno yametoka kwenye skrini yakawa kitu unachoweza kukigusa kwa kidole.

Omba faili ya awali ya vekta, yaani inayohifadhi maumbo yenyewe badala ya pikseli: SVG, PDF, au faili ya CorelDRAW au Illustrator. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, si kama picha. Lakini kubadilisha jina la JPEG liwe PDF, au kuibandika ndani ya faili ya CorelDRAW, hakuifanyi vekta. Ikuze sana ndani ya programu: vekta itabaki na ukingo safi, picha itaonyesha pikseli zake. Kama faili ya awali imepotea, mwache mchoraji achore nembo upya kwa mkono juu ya picha. Ni kazi ya muda mfupi kwa mtu anayejua, na inazidi kila njia ya mkato ya kugeuza kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Chati za Matplotlib zinaingia hapa. Kwa kawaida hutoka pikseli 640 kwa 480. Ukiibandika kwenye ripoti na kuitandaza ukurasa mzima, inachakaa. Hifadhi kwa `dpi=300`, utapata 1920 kwa 1440, au bora zaidi hifadhi kama SVG au PDF.

Kanvasi ya wavuti nayo ina ukubwa wa aina mbili: idadi ya pikseli ilizonazo ndani, na nafasi inayochukua kwenye ukurasa. Usipoiambia, ndani ina 300 kwa 150. CSS ikiitandaza hadi upana wa 900, kila pikseli imevutwa mara 3. Hata ukilinganisha namba hizo mbili, simu nyingi na laptopu mpya zina pikseli halisi 2 au 3 kwa kila pikseli moja ya CSS. Soma `devicePixelRatio`, zidisha upana na urefu wa ndani kwa namba hiyo, kisha tumia `scale` kwa namba hiyohiyo kabla ya kuchora. Mara nyingi kukuza huku hutoa ukungu. Ukiona vibonge vikali, angalia kama kuna `image-rendering: pixelated`, amri ya kukuza bila kulainisha.

Mduara una pembe

Huu ni ule ugonjwa mwingine. Kingo ni laini, ila mkunjo umechorwa kwa vipande vichache vilivyonyooka. Kulainisha hakuna msaada hapa, maana kinachokosekana ni nukta za mkunjo wenyewe.

AutoCAD hufanya hivi makusudi ili ikimbie. Ukikaribia duara dogo, unaona poligoni. Andika REGEN, mara nyingi linarudi kuwa duara. Likirudia, andika VIEWRES na upandishe namba. Inakubali kuanzia 1 hadi 20000. Mteja akiona poligoni kwenye skrini akaingiwa na wasiwasi, mwambie ni onyesho tu: kipimo cha duara ndani ya faili kiko sahihi.

Sahihi na michoro ya mkono ina tabia hiyohiyo. Kifaa husoma mahali kalamu ilipo mara kadhaa kwa sekunde. Kikisoma mara 60 na mkono ukaenda kwa kasi ya sentimita 60 kwa sekunde, kati ya nukta na nukta kuna sentimita nzima, na programu inaziunganisha kwa mstari ulionyooka. Sahihi ya mtu mwenye mkono mwepesi inatoka kama imekunjwa kwa waya. Pitisha mkunjo katikati ya nukta badala ya mstari ulionyooka, na kama unaandikia kivinjari, tumia `getCoalescedEvents` ili upate nukta zote ambazo kivinjari kilizikusanya kati ya fremu mbili. Kinyume chake pia kipo: kwenye baadhi ya tableti za kalamu, mstari wa mshazari ukichorwa polepole unatoka na mawimbi. Hiyo ni gridi ya vihisi chini ya kioo. Washa kidhibiti cha mkono ndani ya programu ya kuchorea, au chora kwa kasi zaidi kidogo.

Picha ya skrini ni safi, kioo kina meno

Kitu cha kwanza ni rezolusheni ya asili. Kioo chenye pikseli 1920 kwa 1080 kikiwekwa 1366 kwa 768, kila pikseli inatakiwa ijaze pikseli 1.4 hivi. Haiwezekani kugawa sawasawa, kwa hiyo nyingine zinarudiwa na nyingine hazirudiwi, au zote zinapakwa ukungu. Ngazi zinatoka na upana usiolingana, na herufi zenye miguu miwili zinakuwa na mguu mmoja mnene. Rudisha rezolusheni iliyopendekezwa na mfumo. Kama maandishi yanakuwa madogo, pandisha kiwango cha ukubwa hadi asilimia 125 au 150. Hilo ndilo lililowekwa kwa ajili ya macho yako, si kushusha rezolusheni.

Projekta za madarasani na kumbi za mikutano zinastahili mashaka ya pekee. Nyingi zinapokea 1920 kwa 1080 bila kulalamika huku zenyewe zina 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800. Zinatupa pikseli zilizozidi, na mistari myembamba ya mchoro inakatika au inapotea kabisa. Tafuta rezolusheni halisi kwenye kijitabu chake, uiweke kwenye laptopu, na unenepeshe mistari ya wasilisho lako hadi pikseli 2 au 3.

Runinga inayotumika kama skrini ya kompyuta ina mambo matatu. Kwanza, nyingi huikuza picha kidogo na kukata pembeni, tabia iliyobaki kutoka enzi za matangazo ya zamani. Tafuta mpangilio wa kuonyesha picha kama ilivyo. Pili, kiwango cha ukali wa picha kikiwa juu kinachora ukingo mweupe kando ya kila mstari mweusi. Kishushe hadi karibu na sifuri. Tatu, na hili wengi hawalijui, runinga nyingi hupunguza habari za rangi: mwanga unabaki kwa kila pikseli, lakini rangi inahifadhiwa moja kwa kila pikseli 4. Mstari mweusi juu ya nyeupe unaonekana sawa, ila mwekundu juu ya bluu una meno ya kutisha. Ukiona meno kwenye mistari ya rangi tu, ndicho hiki. Ingia kwenye orodha ya vyanzo vya runinga, ipe ile HDMI jina au alama ya kompyuta. Runinga nyingi zikiona hivyo huacha kupunguza.

Kebo ya HDMI haileti ngazi. Ikiharibika inaleta madoadoa, kukatika, au giza. VGA ndiyo inaweza kutikisa na kutia kivuli mistari ya wima, na kitufe cha kujirekebisha kwenye skrini mara nyingi kinatosha.

Na kama kila kitu kiko sawa lakini bado unaziona? Kioo cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kina pikseli za milimita 0.28 hivi. Ukikaa sentimita 60, jicho zuri linatenganisha nukta zilizo umbali wa milimita 0.17 hivi. Zaidi ya hapo, jicho lina uwezo wa kugundua kuhama kwa mstari hata kukiwa kudogo mara kadhaa kuliko kipimo hicho. Ndiyo maana hata kwenye vioo vyenye pikseli nyingi sana, mstari usiolainishwa unaokaribia kulala bado unajionyesha. Pikseli nyingi zinasaidia, lakini ulainishaji bado unahitajika.

Umelainisha, bado haujatulia

Mstari mweupe juu ya nyeusi ukionekana kama kamba iliyosokotwa, mnene hapa mwembamba pale, tatizo ni hesabu ya mwanga. Namba 128 kati ya 255 haitoi nusu ya mwanga; kwa kipimo cha sRGB, kile cha kawaida cha rangi za skrini, inatoa asilimia 22 hivi. Nusu halisi ya mwanga iko karibu na 188. Programu inayochanganya rangi kwa namba tupu inafanya pikseli zilizofunikwa nusu ziwe giza mno, na mstari unakondeana kila unapovuka kati ya safu mbili. Geuza rangi ziwe kipimo cha mwanga, changanya, kisha zirudishe.

Kwenye michoro ya 3D, chanzo cha kawaida ni ulainishaji kupotea katikati. Katika Three.js, maktaba ya 3D ya wavuti, `antialias: true` lazima itolewe wakati wa kuunda mchoraji, ukiiweka baadaye haifanyi kitu. Na ukiongeza madoido kupitia EffectComposer, picha inachorwa kwanza kwenye kumbukumbu ya pembeni ambayo kwa kawaida haina sampuli za ziada, kwa hiyo ulainishaji ulioomba unabaki bila kazi. Ipe kumbukumbu hiyo `samples` 4. Kwenye michezo utakuta chaguo za ulainishaji kama MSAA na FXAA. MSAA hulainisha kingo za maumbo, lakini majani na nyaya za uzio zilizochorwa ndani ya picha zinabaki na meno. FXAA inagusa kila kitu kwa sababu inafanya kazi juu ya picha iliyokamilika, ila inatia ukungu hata kwenye maandishi. Kama kadi ina nguvu, pandisha kiwango cha uchoraji hadi asilimia 150 au 200 uache mchezo uipunguze picha wenyewe; hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo inayokula nguvu nyingi zaidi.

Wakati wa kuzima ulainishaji

Printa za risiti za joto hazina kijivu. Nukta inaungua au haiungui, na nyingi zina nukta 8 kwa milimita. Nembo iliyolainishwa ikifika huko, vivuli vyake vinageuzwa kuwa vumbi la nukta kando ya herufi, na risiti inaonekana chafu. Iandae nembo kwa upana kamili wa nukta za printa, igeuze iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kuchanganya nukta, kisha irekebishe kwa penseli, kisanduku kwa kisanduku. Misimbo ya QR iwekwe vivyo hivyo: kila mraba uwe na idadi nzima ya nukta, 3 au 4, isiwe 3 na nusu, la sivyo miraba mingine itatoka minene kuliko mingine na simu itasumbuka kuisoma.